Kitako cha Shaba

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyokuzaa, mwanangu, na siku niliyokuzaa nilipiga kelele mtaa mzima wa Biryogo ukasikia. Ni siku niliyosoma barua ya Kiingereza mbele ya watu, nikakuta neno nisilolijua, nikalisema kama ninalijua.

Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na sita, meno yangu yote yapo, na wanaoshika desturi watasema nasaha ni kazi ya wenye mvi. Waseme. Mvi siwezi kuzisubiri, kwa sababu juzi shangazi yako amekupigisha magoti kwenye sakafu ya sementi. Alikuuliza jambo, nawe ukamjibu "sijui." Una miaka mitatu na nusu. Maneno niliyomwambia shangazi yako sitayaandika hapa. Hasira bado ninayo, ndiyo maana nimekaa chini kuandika, uje usome utakapoweza kusoma, wewe na kila msichana wa mtaa huu aliyepita shule kidogo na anaogopa kuonekana hajui.

Na mimi nilipigishwa magoti, tena miaka minne. Nilisoma sekondari Bukoba, kwa mjomba wangu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu mzuri kwa mambo mengine, alitununulia hata daftari, lakini alikuwa na sheria yake. Ukijibu ukapatia, unapigiwa makofi. Ukijibu ukakosea, unaambiwa kaa chini. Ukisema hujui, unapiga magoti mpaka kengele. Sasa wewe fikiri mtoto atajifunza nini hapo. Tulijifunza kukisia. Tulikuwa hodari wa kukisia kuliko Kiingereza chenyewe. Nilirudi Kigali na cheti changu na hiyo tabia, na hakuna aliyeiona, kwa sababu Kigali wasomi walijua Kifaransa. Kiingereza changu hapakuwa na mtu wa kukikosoa. Ningeweza kusema chochote. Na kweli nilisema.

Nilipata kazi ya ukarani kwa Mzee Rajabu, mwenye duka la vyombo vya jikoni Nyamirambo. Wewe ulikuwa na miezi saba, nakubeba mgongoni, na Mzee hakuwahi kulalamika, hata siku uliyokojolea daftari la risiti. Babu yake alikuja huku toka pwani na mizigo wakati wa Wadachi, akaoa Rwamagana, akabaki. Mzee mwenyewe alisoma Kiarabu na Kiswahili, na Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu. Sifa yake haikuwa utajiri. Sifa yake ilikuwa kile chumba cha nyuma ya duka. Mle ndani watu waliweka amana. Mtu akisafiri, akifiwa, akigombana na shemeji zake, alileta sanduku lake kwa Mzee Rajabu, na Mzee hakuuliza lina nini. Vita vilipoanza ile Oktoba, waasi walipoingia toka Uganda, masanduku yaliongezeka, ya Waislamu na ya Wakristo, mpaka rafu zikajaa yakapangwa chini. Wanyarwanda wana neno lao, inyangamugayo, mtu anayekataa kulaumiwa, na ndilo walilomwita hata watoto wakimpa salamu. Kumbuka hicho chumba, maana ndicho kilichokuwa hatarini katika haya yote. Kazi yangu ilikuwa jambo dogo.

Sasa, sufuria zetu zilikuwa zikipitia Uganda. Vita vikafunga ile njia. Mzee akatafuta mwenye kiwanda mwingine, Dar es Salaam, mzigo uje kwa mpaka wa Rusumo. Na hapo hapo alikuwa na wateja wanaomsubiri. Mama Zubeda na wenzake sita walikuwa wapishi wa harusi, wale wanaoitwa kupika pilau ya watu mia tatu, na sufuria walizokuwa nazo zilikuwa nyembamba zinaunguza wali chini kabla wa juu haujaiva. Mama Zubeda alikuja dukani kila wiki kuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza polepole.

Barua toka Dar ililetwa na dereva wa lori asubuhi ambayo Mama Zubeda alikuwepo, yeye na wenzake wawili, wamekaa kwenye benchi la wateja. Mzee akanikabidhi. Ilikuwa ukurasa mmoja, imepigwa chapa. Nilishangaa kidogo, mtu wa Dar kumwandikia Mswahili wa Kigali kwa Kiingereza, lakini ndiyo fahari ya wenye viwanda. Nikaanza kutafsiri mstari kwa mstari, kwa sauti, na nakiri niliipandisha sauti kwa sababu wale akina mama walikuwa wananitazama. Salamu, sawa. Ukubwa wa sufuria, sawa. Masikio yamepigwa ribiti tatu kila upande, sawa. Halafu nikafika kwenye sentensi iliyosema kila sufuria inakuja na dhamana yao, na mbele ya hiyo dhamana wameweka neno lililounganishwa kwa kistari: copper-bottomed.

Copper nilijua ni shaba. Bottom nilijua ni sehemu ya chini, kitako. Kwa hiyo ni dhamana yenye kitako cha shaba. Nikasimama hapo. Dhamana ni maneno kwenye karatasi, ina kitako gani? Sufuria ndiyo yenye kitako. Basi nikaamua kichwani mwangu, kwa muda wa kumeza mate, kwamba aliyepiga chapa amekosea mpangilio, neno lake lilitakiwa likae kwenye sufuria. Nikamsahihisha. Mimi wa kidato cha nne nikamsahihisha mwenye barua barua yake.

Nikasema, "Anasema sufuria zake zina vitako vya shaba, Mzee."

Mama Zubeda akasimama. Alikuwa amewahi kuona sufuria ya hivyo kwa Mzungu mmoja aliyempikia zamani, na tangu siku hiyo hakuacha kuitaja. Alisema sufuria ya shaba chini inasambaza moto kama mtu anayegawa sadaka, kila punje inapata yake, na ukoko unatoka mwembamba wa rangi ya dhahabu. Wenzake wakaanza kucheka na kupigana viganja. Ila Mzee Rajabu hakucheka. Alinigeukia, akashusha sauti ili wale wengine wasisikie. Hilo nalo nililiona baadaye, kwamba alinisitiri.

"Hilo neno unalijua, binti yangu, au unalikisia?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilikuwa nitoke tu. Lakini watu watatu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye niliyesoma, na magoti yangu yalikumbuka yenyewe.

"Nalijua, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akawageukia akina mama akawaambia, kwa mdomo wake, kwa jina lake, kwamba sufuria zinazokuja ni za shaba chini. Ona jinsi uongo unavyohama nyumba. Ulitoka kwangu mdogo, ukaingia kwake, ukawa neno la Mzee Rajabu, na neno la Mzee Rajabu watu walilijengea.

Mama Zubeda alikwenda akagawa sufuria zao zote za zamani. Mbili alimpelekea dada yake anayelima Masaka, nje kidogo ya mji, nyingine akatoa madrasa. Kisha akakubali harusi kubwa, ya bwana mmoja wa ofisi kule Kimihurura, na akawaambia watu wa bibi harusi kwamba pilau yao itapikwa kwenye shaba. Alijisifu, ndiyo. Lakini alijisifia kitu alichoambiwa na mtu asiyedanganya.

Lori lilifika baada ya majuma matano, harusi ikiwa imebaki siku tisa. Wale wanawake saba walikuja wote, wamevaa kama wanaokwenda kuposa. Sufuria zilikuwa zimefungwa kwa majani makavu na magunia. Mzee akakata kamba ya kwanza mwenyewe. Ilikuwa sufuria nzuri, nzito, masikio madhubuti, nyeupe inang'aa. Mama Zubeda akaipindua. Nyeupe juu, nyeupe chini. Akapindua ya pili. Akapindua zote, moja moja, na kila moja ilipogusa sakafu ililia kama kengele ya mazishi ya Wakatoliki.

Mwanzo walifanya utani. Mmoja alisema labda shaba iko na haya, imejificha mbele ya wanaume. Mwingine akasema tuiteni kwa jina, pengine imelala. Wenzake walipomaliza kucheka wakagundua kwamba Mama Zubeda hacheki.

"Mzee, sasa hii shaba iko wapi? Imebaki Rusumo, ama imebaki kwako?"

Mzee akasema hajui, ataandika barua kuuliza.

"Hujui? Siku ile ulijua. Ulitusimamia hapa ukatuambia shaba. Kama shaba yetu umeuzia matajiri, sema tu, sisi ni wapishi, tumezoea kulaga mwisho." Akatazama kile chumba cha nyuma. "Tulikuwa tunakuitaga inyangamugayo. Niletee sanduku yangu."

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Watu wawili waliokuwa mlangoni wananunua vijiko walisikia, na walipoondoka walikwenda kusema. Mzee akaingia chumbani akatoka na sanduku la Mama Zubeda, la bati, la rangi ya buluu. Akalifuta vumbi kwa kanzu yake, akamwinulia mpaka kichwani. Sufuria wakaziacha sakafuni. Kesho yake asubuhi walikuja watu wengine watatu kuchukua amana zao. Hawakueleza sababu. Mmoja alisema tu kwamba amekumbuka ana nafasi nyumbani.

Na mimi? Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yangu, kimya. Nilikuwa nakunyonyesha, na nilikunyonyesha muda mrefu kuliko ulivyotaka, ili niwe na sababu ya kuinamisha uso.

Alasiri ya siku hiyo ya pili, Ijumaa, Mzee akaniambia nichukue karatasi. Akanitamkia barua kwa Kiswahili niigeuze Kiingereza, ya kumwambia yule mwenye kiwanda kwamba ametudanganya, ameandika shaba akaleta bati, na kwamba Mungu anaona. Ili niandike vizuri ikabidi nitoe ile barua yake ya kwanza niiangalie tena. Nikaisoma peke yangu, bila macho ya mtu. Neno lilikuwa palepale lilipokuwa. Lilikaa mbele ya dhamana, na kwenye sufuria halikugusa kabisa. Mtu yule hakuandika shaba kwenye sufuria hata mara moja. Na bado sikusema. Nilimwambia Mzee dereva haondoki mpaka Jumatatu, barua inaweza kusubiri. Nilikuwa nanunua siku mbili za woga.

Jumamosi nikakufunga mgongoni nikapanda kilima cha Rebero. Huko aliishi Mama Agnesi, Mkristo, mwalimu mstaafu aliyekulia Ngara, na nilijua ana kamusi kubwa ya Kiingereza. Ile barua sikuibeba. Siku zile askari wa kizuizini alikusachi mpaka kwenye nepi, na karatasi ya Kiingereza, lugha ya wale waliotoka Uganda, kwako ilikuwa na maana moja tu, kwamba una ndugu kwenye vita upande wa pili. Kwa hiyo niliibeba sentensi kichwani, naisema moyoni njia nzima. Kizuizini waliangalia kitambulisho changu, wakakutazama wewe, mmoja akakuvuta shavu, tukapita.

Mama Agnesi alifunga mlango kwanza. Kamusi ilikuwa chini ya godoro la mjukuu. Akalitafuta neno kwa kidole, akavaa miwani, akanisomea, kisha akanisomea tena kwa Kiswahili kwa sababu uso wangu ulimtisha. Maana ya kwanza ni meli ambayo sehemu yake ya chini imevikwa mabamba ya shaba. Maana ya pili, inayotumika siku hizi, ni kitu madhubuti, cha kutegemewa kabisa, kisicho na wasiwasi ndani yake. Dhamana ya namna hiyo ni dhamana ya kweli, basi. Mwenye kiwanda alikuwa anasema tu kwamba tukipata sufuria yenye kasoro atatubadilishia bila ubishi. Hakuna shaba popote.

Niliuliza meli zinahusiana nini na dhamana. Mama Agnesi akasema kamusi haielezi, na yeye hajui. Akasema hivyo tu, "sijui," kwa sauti ile ile aliyotumia kunikaribisha uji. Mwalimu wa miaka thelathini. Nilimtazama kama ninayemwona mtu amevua nguo.

Nikashuka Rebero moja kwa moja mpaka dukani. Mzee alikuwa peke yake, anazipanga zile sufuria ndani ya nyingine. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yenye heshima na maelezo marefu juu ya ugumu wa Kiingereza. Yote yakapotea. Nikasema, "Mzee, yule mtu hakutudanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya. Lile neno sikulijua."

Aliweka chini sufuria. Nikamweleza yote, mpangilio wa sentensi, kamusi, meli. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimeshaanza kukufunga vizuri mgongoni ili niondoke. Badala yake akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Akauliza, hizo meli zilivikwa shaba, zilikuwa za mbao?

Nikasema nadhani ni za mbao. Kisha nikajisahihisha, nikasema sijui kama ni za mbao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema lile neno kwa hiari, na lilitoka kwa shida kama mfupa wa samaki.

"Zilikuwa za mbao," Mzee akasema. "Basi naelewa."

Akanikalisha. Alisema babu yake alimwambia kwamba baharini kuna mdudu anakula mbao. Ukimtazama ni kama mnyoo, anaingia kwa tundu dogo kama la sindano, na akishaingia hatoki, anachimba kwa ndani. Nje ubao unauona mzima, umepakwa rangi, unapendeza. Ndani ni sega la nyuki. Watu wa pwani walikuwa wakivipandisha vyombo vyao mchangani, wanaviunguza kwa moto wa makuti, wanavipaka chokaa na shahamu, na baada ya miezi wanaanza tena, maana mdudu hachoki. Kisha zikaja meli za Wazungu zilizopigiliwa mabamba ya shaba chini. Mdudu hapiti shaba. Hata majani ya baharini hayaoti juu yake. Meli ya hivyo ukiipa mzigo wako ulijua utafika, ukilala unalala. Kwa hiyo, akasema, si ajabu Waingereza wakimtaka mtu aamini jambo humwambia lina shaba chini. Wanamwambia, hili halikuliwa kwa ndani.

Nilishangaa. Nilikuwa nimepanda Rebero na kushuka kutafuta maana ya neno, na nusu yake ilikuwa dukani kwa mtu asiyejua hata herufi moja ya Kiingereza. Angeniambia siku ile ile, kama ningemwambia sijui.

Ndipo akanikemea, na mpaka leo hakuna aliyenikemea vile. Hakupandisha sauti.

"Ulipokosea neno, hukunikosea. Kila mtu anakosea neno. Nilikuuliza, nikakufungulia mlango, ukaufunga kwa mkono wako. Mimi ninabeba vya watu, Salima. Sanduku, neno, yote ni amana. Ukinipa neno lililoliwa ndani, mimi nalibeba nikijua ni zima, na linavunjikia kichwani kwangu."

Nililia. Akaniacha nilie, akakuchukua wewe mgongoni kwangu akakupa kijiko uchezee. Nilipomaliza akasema ile barua ya lawama tusiitume. Na kesho nitakwenda nyumba kwa nyumba, kwa wale wanawake saba, nikiwa na barua ya Dar mkononi, niwasomee upya. Niliomba aende yeye, au twende wote. Akakataa. Alisema yeye akienda ataonekana anajitetea, na mdomo uliolipeleka neno bovu ndio utakaolirudisha.

Nilikwenda. Kwa nyumba sita za Nyamirambo ilikuwa aibu ya kawaida. Mmoja alicheka mpaka akaegemea ukuta, akaniita Mama Shaba, jina hilo lilinikaa mwaka mzima. Mmoja akaniuliza kama cheti nilikinunua. Mmoja alinionea huruma, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Nilimwambia kila mmoja jambo lile lile: Mzee aliwaambia alichoambiwa na mimi, na mimi nilijifanya najua.

Mama Zubeda sikumkuta kwake. Alikuwa Masaka kwa dada yake, amekwenda kuomba arudishiwe zile sufuria mbili kwa ajili ya harusi. Nikamfuata, na kwa bahati siku hiyo njia ile haikuwa na kizuizi. Nilimkuta uani, sufuria moja ina ndizi jikoni, ya pili dada yake ameigeuza kitu cha kunyweshea ng'ombe. Nikamsomea barua nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Mzee hakujua."

"Hakujua, mama. Aliniuliza, nikasema najua."

"Na wewe ulinitazama nikimwita mwizi."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza, ukanyonyesha."

Alikuwa ameniona, kumbe. Akainamia moto, akasukuma kuni. Halafu akasema kwamba yeye amezaa sita na kila mmoja amewahi kumdanganya, hilo analijua namna ya kulipiga. Ila amemvunjia heshima mtu mzima mbele ya wateja, na hilo hajui atalirudisha vipi. "Umenifanya na mimi kuwa mwongo," akasema. "Rudi kwako, mtoto ameshika baridi."

Harusi ya Kimihurura ilipikwa kwenye zile sufuria nyeupe za Dar. Mama Zubeda alituma mtu kuzichukua, hakuja mwenyewe. Wali haukuungua, zilikuwa sufuria nzuri tangu mwanzo. Aliwaeleza watu wa bibi harusi kwamba habari ya shaba ilikuwa makosa, wakasema kumbe, wakala. Lakini dukani hakukanyaga. Watu wengine walirudisha masanduku yao polepole, hili leo, lile wiki ijayo, bila maelezo kama walivyoyachukua. La buluu halikuonekana. Mfungo ukaingia, ukaisha. Siku ya tatu ya Idi Mama Zubeda alikuja, amebeba sanduku kichwani, akalishusha mwenyewe, akalipeleka mwenyewe chumbani kule nyuma, akatoka. Akamwuliza Mzee kama ana miiko mirefu. Mzee akasema anayo. Wakachagua miiko. Hicho ndicho kilichosemwa.

Siku ileile ikaja barua nyingine toka Dar. Mzee akanikabidhi, na dukani palikuwa na watu wengi kuliko siku ya kwanza, maana ni sikukuu. Nikasoma mistari miwili vizuri. Wa tatu ulikuwa na neno. Najua hata leo lilikuwa neno gani, na ningeweza kulikisia, tena pengine ningepatia. Mama Zubeda alikuwa ameshika mwiko mkononi, ananitazama.

"Hili silijui, Mzee," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Nitakwenda kuuliza."

Mzee Rajabu akaendelea kufunga kifurushi cha mteja. Alipokaza fundo akasema, bila kunitazama, "Alhamdulillahi. Sasa nina karani."

Basi, mwanangu, nikueleze waziwazi, nisikuache ukitafuta maana kama mimi nilivyoitafuta Rebero. Kutojua si kosa, na yeyote atakayekuadhibu kwa kutojua, hata kama ni wa damu yako, hata kama ameshika chaki, anakufundisha uongo, na mimi nitakwenda kumwambia hivyo mlangoni kwake. Mtu wa kutegemewa si yule mwenye jibu kwa kila swali. Ni yule ambaye akisema "najua" unaweza kugawa sufuria zako za zamani. Na hawezi kuwa hivyo kama hana pa kusemea "sijui," kwa sababu "najua" ya mtu asiyewahi kukosa jibu haina uzito wowote, ni rangi tu juu ya ubao. Ukiulizwa kwa upole, jibu hapo hapo, mlango ukiwa bado wazi. Ukichelewa, sema hata ukiwa umechelewa. Mimi nilichelewa siku nyingi, na kila siku niliyoongeza, mtu mwingine ndiye aliyeibeba mgongoni. Na ukishakosea, usitume mtu, usitume barua. Nenda kwa miguu yako, wakuone.

Mwenyezi Mungu akukuze, Zuhura wangu. Akupe riziki ya halali na watu wa kukukemea bila kukudharau. Na kila utakapobebeshwa neno la mtu umpelekee mtu mwingine, likiwa zito, likiwa jepesi, akujalie ulifikishe zima.